Jina la Mambasa kwenye ubao wa fonie

Siku yangu ya kwanza kazini Bunia, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Chef wa Fonie, mkuu wetu wa kazi, hakunionyesha mashine. Alinipa kitambaa nipanguse betri. Nilikuwa nimetoka upande wa Mahagi, nimevaa shati jeupe kwa heshima ya siku hiyo, na kabla ya saa sita asidi ilikuwa imelitoboa matundu mawili.

"Sasa weye ni mutu wa fonie," Chef akasema. "Diplome yako ni hiyo shati."

Niwaeleze ninyi mliokua na simu mfukoni. Fonie ilikuwa redio ya kusema na kusikia, iliyokula nguvu za betri ya gari. Kila misheni kubwa ilikuwa na yake. Asubuhi tulikutana hewani kwa nusu saa, na muda huo tuliuita vakasio. Bunia iliongoza. Iliita posti, yaani vituo vya misheni, moja moja, kwa utaratibu ulioandikwa kwa chaki ubaoni, na kila posti ikatoa habari zake: mgonjwa, dawa, gari, msiba. Posti nyingine zote zilisikiliza. Kanuni yetu kubwa ilikuwa hii: posti yenye betri dhaifu inaitwa kwanza, maana ukiichelewesha betri inakufa na habari inabaki tumboni.

Mwenzangu wa meza aliitwa Kambale, mtu wa upande wa Beni. Siku moja nilisahau kupeleka habari ya posti ya Bule, na mgonjwa akangoja gari siku mbili. Kambale alimwambia Chef. Alisema kweli tupu, ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikahamishiwa Bambu, kwenye machimbo ya dhahabu, miaka mitatu.

Niliporudi Bunia, Kambale alikuwa amepelekwa Mambasa, nami nikapewa kuongoza vakasio. Chaki sasa ilikuwa mkononi mwangu. Betri ya Mambasa ilikuwa mbovu kuliko zote. Nikaiandika ya mwisho.

Msidhani nilikuwa mpagani. Kila asubuhi nilifika mapema, nikapiga ishara ya msalaba mbele ya mashine na kusali. Hata Kambale nilimtaja. Mara nyingi sauti yake ilizimika katikati ya sentensi, nami nikaandika kwenye daftari, "Mambasa haisikiki," kisha nikaenda kunywa chai nikiwa na amani kabisa.

Chef aliona. Alikuwa mzee sasa, karibu na kupumzishwa kazi. Akavuta kiti.

"Kambale unamusaliaka?"

"Kila siku, Chef. Ninaomba Mungu amubadilishe roho."

"Na yeye kule anaomba Mungu akubadilishe weye. Mungu iko na kazi na ninyi wawili!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu uso wake ukawa mgumu. "Sikia. Kuanzia kesho, usiombe abadilike. Umuombee kitu yeye anakosa. Kitu kimoja tu. Ukimaliza, ndiyo ufungue mashine."

Nilidhani ni adhabu nyepesi. Kesho yake nikaanza, "Ee Bwana, umpe Kambale..." nikakwama. Umpe nini? Nilikuwa nimekaa na mtu huyu meza moja, nikamkasirikia miaka, na sikujua anakosa nini. Nikajaribu siku ya pili, na ya tatu. Sala ilisimama palepale. Kila ilipokwama niliona hasira yangu waziwazi, kama doa kwenye shati mchana. Siku ya nne, wakati wa vakasio, nikamwuliza.

"Mambasa, ku nyumba ni namna gani?"

Nadhani posti zote zilitega masikio.

"Bunia," akajibu polepole, "mama watoto iko na mimba ya miezi nane. Miguu inavimba, kichwa inamuuma sana. Ninaogopa."

Betri ikazimika. Nilibaki nimeshika mikrofoni, na sala yangu sasa ilikuwa na maneno. Nikachukua kitambaa, nikafuta ubao, nikaiandika Mambasa ya kwanza.

Baada ya wiki hivi, nikaita Mambasa, na Kambale hakusalimu. "Mama watoto ameanguka, anatetemeka mwili muzima. Hatuna gari. Ninaomba..." Ikakatika. Hata dakika moja haikufika. Nikaiita mara moja posti ya Komanda, iliyo njiani kwenda Mambasa: gari la misheni lilikuwa pale, dereva tayari ameketi kwenye usukani. Liligeuzwa kwenda Mambasa kumchukua yule mama na kumfikisha hospitalini.

Sisemi sala yangu ilimponya yule mama. Walimponya daktari na masista, kwa neema ya Mungu. Ninachosema ni kwamba, ule ubao ungebaki kama nilivyouandika kwa hasira, betri ingekufa ikisubiri zamu yake.

Nilikwenda hospitalini kumwona. Kambale alikuwa barazani, amembeba mtoto. Nikamwambia yote: chaki, daftari, chai.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ndugu yangu, posti zote zilijua! Bule walikuwa wananicheka: 'Mambasa, weye utaitwa siku Yesu atarudi.' Siku uliniita wa kwanza, nilifikiri Bunia wamepata mutu mupya." Akamtikisa mtoto kidogo. "Na mimi nilikuwa ninasali wakufukuze kazi. Tusameheane."

Tulicheka, kisha tukalia, wanaume wawili wazima barazani, na sista mmoja akatufukuza kwa sababu ya kelele.

Nilimaliza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini. Vijana wa parokia huja nyumbani kuniambia, "Baba, tunasali, lakini ndani hakuna kinachobadilika." Huwa ninawauliza ni nani anayewasumbua, na anakosa nini. Wengi hawajui. Basi ninawaambia wasikate tamaa: nenda ukamwulize, halafu urudi umalizie sala yako. Mungu atakusubiri.