Mguu Uleule wa Fundi Cherehani

Karakana nzima ilimwita Msumari, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia, mwanamke wa makamo, mfupi wa kimo na wa maneno. Akishasema hapana, ungemletea ukoo mzima kumbembeleza, jibu lingebaki hapana.

Jina lilitokana na mstari mmoja aliouandika kwenye kompyuta yake. Mashine ya kuchonga kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, iliongozwa na kompyuta, na programu yake iliundwa kwa vifurushi zaidi ya mia, yaani vijiprogramu vilivyoandikwa na watu wengine. Programu nyingine, waliyoiita mletaji, ndiyo iliyokwenda mtandaoni kuvichukua na kuvipanga. Mafundi wengine waliandika orodha ya vifurushi wakaridhika. Msumari aliongeza mstari wa kumpigilia mletaji mwenyewe kama kwa msumari: toleo 4.1.2, basi, asijibadilishe. Maana mwaka mmoja mletaji alijisasisha kimyakimya, akachagua vifurushi vingine kwa akili zake, kikombe kikatoka tofauti kidogo, na mgonjwa mmoja akarudi na kidonda. Msumari hakujisamehe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa akaja bosi mpya, kijana wa tai na haraka. Jumatatu akaamuru kompyuta zote zisasishwe. Zikasasishwa, isipokuwa moja kuukuu chini ya meza ya Msumari.

Jumatano akaja fundi cherehani, mguu wake wa bandia umepasuka, shule zinafunguliwa wiki ijayo na sare za watoto zimemjaa nyumbani. Hakutaka mguu mpya. Alitaka uleule aliochongewa miaka mitatu nyuma, na vipimo vyake vilikuwapo. Bosi akasimamia mwenyewe uchongwe kwa kompyuta iliyosasishwa. Mama wa watu akaketi kwenye cherehani ya karakana, ile ya kushonea mikanda, akakanyaga. Hata mara kumi hazikufika, uso ukamkunjamana.

"Unanibana hapa, mwanangu."

"Utazoea, mama," bosi akasema. "Tofauti ni milimita mbili tu."

"Milimita mbili ndani ya kiatu chako ungeziita changarawe," Msumari akadakia. Akainama, akaivuta kompyuta yake kuukuu.

"Nilisema hiyo itolewe! Dunia inasonga mbele, wewe umeng'ang'ania toleo la zamani kama kupe!"

"Nimeng'ang'ania mguu wa mwenzangu. Toleo jipya nitalipokea siku litakaponipa kikombe kilekile. Leo limeshindwa, umeona mwenyewe."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika. Kalamu unayo, au nikuazime?"

Akaiwasha. Vipimo vilevile, vifurushi vilevile, mletaji yuleyule. Kazi ile ndiyo iliyomlisha na kustaafu kulikuwa bado miaka sita, lakini akabonyeza. Mashine ikanguruma saa nzima.

Fundi cherehani akauvaa, akakanyaga. Cherehani ikalia, ikaendelea kulia bila kusita, na yeye akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Dada, huu ndio wangu. Umeutoa wapi?"

"Palepale ulipokuwa."

Bosi aliutazama ule mguu ukipanda na kushuka, akaondoka.

Barua ilifika kesho yake: kukaidi maagizo. Msumari akaisoma, akatia sahihi, na chini ya sahihi akaandika 4.1.2. Kisha akachukua nyundo, akaipigilia barua ukutani juu ya kompyuta kuukuu, misumari minne, mmoja kila pembe.