Sanda ya Pazia

Duka langu la vitambaa liko Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Nauza khanga, vitenge, mapazia, na bafta, kile kitambaa cheupe cha kuzikia. Marehemu baba aliniachia duka hili na sheria moja tu, nayo ni kuhusu bafta. Ukimpimia mteja wa bafta hupigi soga, hupokei simu, na akiondoka humwambii "karibu tena". Mteja mwingine akitoka bila kuambiwa karibu tena, baba alikuwa anatutazama jicho la kuunguza. Lakini wa bafta unamwambia "poleni", basi, unarudi kwenye mkasi wako.

Nasema haya mapema kwa sababu mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu. Watu wa mtaa wanajua. Mke wangu Shahbanu anajua zaidi.

Mteja wangu mkubwa wa bafta ni Bi Kazija, mwosha maiti wa kike wa mtaa wetu. Yeye ni Mpemba, aliletwa Tanga na ndoa, akajifunza kazi hii kwa mama mkwe wake, na sasa ana miaka ishirini na sita anaifanya. Ni mfupi, anatembea upesi, na haachani na kikapu chake cha ukili chenye kifuniko. Ndani mna pamba, karafuu maiti, udi na mkasi. Akifa mwanamke, wenye msiba humwita yeye, na yeye ndiye huja kwangu kununua bafta, maana vipimo anavyo kichwani: nguo tano kwa mwanamke, wala hakosei hata shubiri.

Jambo moja lazima mlijue kuhusu Bi Kazija. Anachokiona chini ya shuka hakitoki. Na majirani zangu, Mungu awasamehe, huwa wanamchimba. Fulani alikuwa na makovu? Fulani ni kweli alijichubua mwili mzima? Jibu lake ni moja, kwa tajiri na kwa maskini, kwa mcha Mungu na kwa yule aliyeshindikana: "Alikuwa safi." Ukimuuliza mara ya pili anakuuliza hali ya watoto wako.

Sasa, mwaka juzi kijana mmoja wa Pongwe, Alexander, anayepiga video za harusi, aliamua kutengeneza filamu ya kutisha. Aliiita *Aliyerudi Ijumaa*. Bibi harusi amezikwa porini kule Amani, na kila Ijumaa anafufuka na sanda yake kumtafuta bwana harusi. Alikuwa na kamera moja, taa mbili alizoazima kwa wapambaji, na moshi wa makumbi ya nazi. Bibi harusi alikuwa Consolata, msusi wa hukohuko Pongwe. Alexander ni mtu wa kanisani, hajui mkunjo hata mmoja wa sanda, na alihofu watu wa Tanga wasije wakamcheka. Ndipo akamwendea Bi Kazija, akamwomba amfunge Consolata kitaalamu.

Bi Kazija alikubali. Mama yake Alexander, Imakulata, aliwahi kulazwa naye vitanda jirani hospitalini, wakawa wanagawana uji, na wawili hao hawanyimani kitu. Alimwambia Alexander, "N'tamfunga, lakini kwa namna yangu." Alexander akashukuru. Namna yake ni ipi, hakuuliza.

Kesho yake akaja dukani. Nikanyoosha mkono kwenye bafta kama kawaida.

"Sio hiyo, Shehzad," akasema. "Nipe kile cha kutilia nyuma ya pazia."

Nikacheka. "Bi Kazija, mzuka gani huo wa kuvaa pazia?"

"Nipimie, yakhe."

Nikampimia. Nikamwambia karibu tena, maana lile lilikuwa pazia. Moyoni nilisema, bibi huyu kaamua kubana matumizi.

Filamu ikatoka mtandaoni. Niliitazama kwenye simu hapa hapa dukani, mchana, biashara ikiwa imelala. Nitasema kweli: ilikuwa mbaya, na ilikuwa tamu. Sauti ilipotea kila upepo ulipovuma. Bwana harusi alikuwa anakimbia mzuka huku anatazama kamera. Lakini kuna mahali Consolata anainuka polepole kwenye majani makavu, na mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nilishika meza. Mwisho majina yakapita: mtunzi, mpiga picha, kisha *Mtaalamu wa sanda: Bi Kazija wa Ngamiani.*

Nikashuka kwenye maoni ya watazamaji, na huko ndiko kulikokuwa na filamu yenyewe.

"Dakika ya kumi na saba jini limevaa kandambili za bluu. Mwenye macho aone."

"Mzuka unakohoa moshi, mpeni maji jamani."

"Mimi nimeogopa. Msinicheke. Nimeoga mlango wazi."

"Hongereni ndugu zetu wa Tanga, mmethubutu. Mkipata na sauti mtafika mbali."

Kisha mmoja akaandika: "Hiyo sanda mbona nguo tatu? Mwanamke ni tano. Huyo mtaalamu mlimwokota wapi?"

Asubuhi ile nilikuwa nimegombana na mteja aliyerudisha kitenge akiwa ameshakivaa harusini, na vidole vilikuwa vinaniwasha. Jina langu la mtandaoni lilikuwa Mkweli wa Tanga. Mkweli wa Tanga akaandika hivi: "Nguo tatu ni nafuu. Hiyo hata sanda si sanda, ni kitambaa cha nyuma ya pazia. Kama mwosha wenu anafunga watu mapazia, sisi wa Ngamiani itabidi tukawafukue ndugu zetu tuwakague."

Watu walicheka. Kufikia alasiri mioyo mia nne ilikuwa imebonyezwa chini ya maneno yangu, na sikufichi msomaji, nilifurahi. Sijawahi kupendwa na watu mia nne kwa siku moja.

Jirani yetu Kombo, fundi wa majokofu, hakujua Mkweli wa Tanga ni nani. Aliyapiga picha yale maneno akayatupia kwenye kikundi cha simu cha mtaa, na chini yake akaandika: "Ndiye huyu tunayempa mama zetu?" Hapo mzaha ukaisha. Wanawake wakaanza kukumbushana misiba ya nyuma. Mmoja akasema sanda ya dada yake kweli ilikuwa nyepesi nyepesi. Uongo mtupu, bafta ile niliipima mimi! Ningeweza kusema. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa anayeanza kusema huulizwa na mengine.

Wiki ya tatu akafariki shangazi yake Kombo. Bi Kazija, kama ilivyo desturi yake, hakungoja kuitwa. Alivaa, akachukua kikapu, akaenda. Shahbanu alikuwepo, akanisimulia aliporudi, amesimama na buibui lake bado mwilini.

"Walimwambia mlangoni, Baba Tajdin. 'Tumeshapata mtu, Bi Kazija.' Kumbe wameleta mwosha kutoka Makorora."

"Akasemaje?"

"Akasema alhamdulillahi. Akaweka kikapu nyuma ya mlango, akaja akakaa na sisi, akamenya vitunguu. Ndoo nzima." Shahbanu akafuta macho. "Aliyeandika yale maneno Mungu anamwona."

Nikainama nikaokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

Miezi minne ikapita na Bi Kazija hakununua bafta. Alikuwa akipita mbele ya duka kwenda sokoni, ananisalimia vilevile, anawaulizia watoto vilevile. Kikapu hakuwa nacho. Mwanamke aliyezoea kutembea upesi kwa sababu anasubiriwa, sasa alitembea taratibu, na mimi kila akipita nilikuwa na kazi ya ghafla kwenye rafu za juu.

Alexander naye alimwendea kumuuliza kwa nini nguo zilikuwa tatu. Bi Kazija akajitwisha kosa yeye mwenyewe, akamwambia alifute jina lake kwenye filamu. Kijana hakulifuta. Alisema kufuta ni kama kumtimua.

Siku moja Consolata akaingia dukani kutafuta kitambaa cha gauni. Nikamtania kwamba mzuka leo umekuja mchana. Akacheka, kisha akawa mpole.

"Mzee, mimi siku ile nilikaribia kukimbia," akasema. "Nilivyoona kile cheupe mikononi mwa yule mama nilitetemeka mpaka meno. Nikasema nikifungwa hiki nakufa kweli. Akaniinamia sikioni, akasema, 'Usiogope, mwanangu, hii si sanda, ni kitambaa cha nyumbani tu, wala sikufungi kama wanavyofungwa. Aliye hai simvishi sanda mimi, hata kwa mchezo.' Ndipo nikatulia. Sasa nasikia watu wanasema hajui kazi."

Alichagua kitambaa, akaenda zake, na sikumbuki kama nilimwambia karibu tena. Nilikaa kwenye kiti cha baba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Bibi wa watu aliharibu sanda makusudi, kwa heshima ya wafu na kwa huruma ya binti wa watu, na mimi nikampiga mawe nikiwa nimejificha nyuma ya jina.

Nilifunga duka kabla ya adhuhuri, nikaenda kwake. Nilimkuta uani anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Karibu, keti kitako. Duka umemwachia nani?"

"Nimefunga. Bi Kazija, yale maneno ya mtandaoni, ya pazia..."

"Nshajua," akasema, mkono hausimami kwenye mbuzi. "Nlijua siku ileile, wajukuu waliponsomea."

"Ulijuaje?"

"Picha haionyeshi pazia, Shehzad. Picha inaonyesha cheupe tu. Nguo tatu kila mtu kahesabu. Lakini pazia tulikuwa tukijua wawili, mie na wewe. Na mie sina simu."

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama nazi.

"Mbona hukunisema? Miezi minne! Ungesema neno moja tu, Shehzad ndiye aliyeniuzia na ndiye anayenisema, watu wangenigeukia mimi."

Hapo ndipo aliposimamisha mkono. "Na kisha? Nikiianika aibu ya mtu yu hai, nani atanipa mamake nimwoshe?"

Nililia, na sioni haya kuandika. Yeye akaniletea maji, akaniacha nilie, kisha akasema kama ninataka kuandika niandike, vidole ni vyangu, ila Kombo nisimtaje, maana alikuwa amefiwa.

Nikaandika. Kwenye maoni ya filamu na kwenye kikundi cha mtaa, kwa jina langu na picha yangu nikiwa dukani: "Mimi ni Shehzad, muuza vitambaa. Mkweli wa Tanga ni mimi, na nilisema maneno ya uongo. Pazia lile nililiuza mimi. Bi Kazija hakutaka kumvisha sanda mtu aliye hai. Kila bafta aliyowavisha ndugu zenu nimeipima kwa mkono wangu, na haikupungua." Nilipata mioyo minne, mmoja wa mwanangu Tajdin. Mtazamaji mmoja aliuliza mzee huyu kanywa nini. Mwingine alisema bora mngezungumzia zile kandambili. Kwenye kikundi palikuwa kimya siku mbili, kisha nikaona Kombo amefuta ile picha yake. Wateja wawili wa siku nyingi wameacha kuja kwangu.

Shahbanu hakusema nami siku tatu. Siku ya nne akaubeba ule ujumbe kwenda darasa la wanawake, akawasomea kwa sauti, na jina la mumewe ndani.

Baada ya hapo nilisubiri. Sijui kama kuna mtu mwingine katika mji huu aliyewahi kusubiri kuuza bafta. Kusubiri kwa namna ile ni sawa na kuombea watu msiba, nikawa natubia, kisha nasubiri tena.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, nimemaliza tu kufagia. Nikasikia hatua za upesi. Bi Kazija aliingia na kikapu chake mkononi. Nje, kwenye ngazi, alisimama Kombo, macho yamevimba, kofia kaishika mkononi.

"Nipimie bafta," akasema Bi Kazija. "Ya mwanamke."

Sikuuliza ni nani. Mama yake Kombo alikuwa anaumwa tangu mfungo. Nikalishusha lile jora la bafta, nikapima, nikakata, nikakunja nguo tano moja juu ya nyingine. Shahbanu alikuwa kwenye kona ya mapazia hapumui. Bi Kazija akazipokea, akazilaza kikapuni juu ya pamba, akageuka. Na mimi moyo ulikuwa umejaa, nimemwona mwanamke huyu akirudi kwenye kazi yake, na mdomo ukafunguka peke yake.

"Karibu tena, Bi Kazija!"

Shahbanu aliziba mdomo kwa mkono. Miaka yote ya duka hili, ya baba na yangu, neno hilo halijawahi kutamkwa kwa mteja wa bafta. Kombo aliinua kichwa kule nje.

"Amesema nini?" akauliza.

Bi Kazija alikuwa ameshafika mlangoni. Hakunitazama.

"Kasema poleni," akajibu, akafunga kikapu, na wakaondoka.