Waya Aliouonyesha Robi

Robi alikuwa fundi wa umeme wa magari Kehancha, mwanamke pekee katika kazi hiyo mjini. Asubuhi moja aliitwa kwenye kituo cha afya cha watu binafsi, ambulensi ilikuwa imekataa kuwaka. Taa zilikuwa kali na honi ililia, lakini ufunguo ukizungushwa ilisikika "tak" moja tu.

Alipima betri, akaikuta nzima. Kisha akagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini, akamwambia Bonface, dereva, azungushe tena ufunguo. Namba zikaruka, ishara kwamba umeme ulikuwa haupiti vizuri kati ya betri na injini.

"Shida si betri," alimwambia Motari, meneja wa kituo. "Ni huu waya wa arthi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Umeoza ndani ya ganda. Ubadilisheni."

Motari hakuinama hata kuutazama. "Asante, mama. Tutatafuta fundi."

Fundi alitoka Migori na betri mpya. Katika kuvutwavutwa wakati wa kuifunga, ule waya mbovu ukashika kidogo, gari likawaka. Motari akawachekesha wauguzi kwa habari za mama na mita yake.

Wiki tatu baadaye Mellen, mwalimu wa chekechea, alijifungua pale, damu ikakataa kukoma. Alitakiwa apelekwe Migori haraka. Ambulensi ikatoa "tak". Walijaribu kuisukuma, wakampigia simu fundi wa Migori, mwishowe Bonface akarukia bodaboda kumfuata Robi. Robi alifika na kebo nene, akafunga upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye injini. Gari liliwaka papo hapo. Lakini karibu saa nzima ilikuwa imepotea, na Mellen alikata roho njiani.

Matangani, Motari aliwaambia wafiwa kwamba gari liliharibiwa na yule mwanamke aliyechokora nyaya. Robi, aliyekuwa amekaa nyuma, akamtazama Bonface. Bonface akatazama viatu vyake.

Baada ya siku kadhaa Bonface alimjia Robi kwenye kibanda chake cha kazi. "Dada Robi, nina watoto. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichokiona."

Magari yaliacha kuletwa. Robi akahamia Masara, ambako hutengeneza pampu za kutolea maji kwenye mashimo ya dhahabu. Mniko, mume wa Mellen, huchimba huko huko. Wakikutana njiani, Mniko hutema mate chini na kuvuka upande wa pili.