Mbegu za Fahali wa Shangazi

Baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya themanini, shangazi yangu wa Mbololo alibaki na ng'ombe wawili: mtamba mmoja na fahali mwekundu, mdogo wa mwili, aliyekula majani makavu ambayo wengine waliyakataa wakafa. Marehemu mume wake ndiye aliyemchagua fahali huyo. Shangazi alitaka ndama wa fahali yule, si wa mwingine. Lakini fahali alivunjika mguu korongoni mtamba akiwa bado mchanga, hajafikia kupandwa, na ikabidi fahali achinjwe.

"Wewe si ndiye daktari wa barafu?" shangazi aliniuliza. "Basi mtunze humo mtungini mwako."

Sikuwa daktari. Nilikuwa mhudumu wa mifugo Voi, nikizunguka na mtungi wa naitrojeni ya baridi kali kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa mbali. Kugandisha mwenyewe nilikuwa nimejifunza vitabuni tu.

Siku ya kuchinja, wachunaji walishawasha moto wa kuchoma korodani, ambazo ni fungu lao. Nilipoziomba, mmoja akapaza sauti: "Haya, serikali imefika mpaka huku!" Wakacheka, wakanipa.

Kituoni nilikata vifereji vinavyohifadhi mbegu, nikazikamua ndani ya mchanganyiko wa kiini cha yai na gliserini, nikatazama kwa hadubini. Zilikuwa zikienda mbio.

Nilikuwa nimesoma kwamba mbegu zikigandishwa na kuyeyushwa, oksijeni huharibu mafuta ya ngozi yake, kama samli inavyochacha, na kwamba vitamini C huzuia uharibifu huo. Nikasaga vidonge vya dukani, nikatia. Desturi yangu ilikuwa kugawa: nusu nijaribie, nusu niiache ilivyo. Siku ile sikugawa. Niliona kwamba nusu isiyotiwa dawa ningekuwa nimeitupa. Wala sikutazama tena kabla ya kuzitia kwenye mirija na kuzigandisha.

Mtamba alipokomaa na kuingia joto la kutaka dume, miezi kadhaa baadaye, niliyeyusha mrija wa kwanza, nikatazama kwa hadubini. Hakuna kilichosogea. Nikayeyusha wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Karatasi ya kupimia asidi iligeuka nyekundu. Vidonge vile vilikuwa vikali mno. Viliziua kabla ya baridi kuzifikia.

Nilipanda kwenda Mbololo asubuhi hiyohiyo na mtungi wangu.

"Hakuna hata moja?" shangazi aliuliza.

"Hata moja, shangazi. Si baridi. Ni dawa niliyotia mimi."

Aliweka mkono mgongoni mwa mtamba. "Nyama yake tuligawa, ngozi nikauza. Nikajiambia, si neno, yumo kwenye mtungi wa mwanangu."

Niliutua mtungi chini.

"Sasa humo una nini?"

"Za fahali wa kizungu. Ndama wake atataka maji mengi na majani mabichi."

"Na mimi nitayatoa wapi?" Akamfunga mtamba kamba. "Mpandishe tu. Joto lake halitangoja."

Nikavaa glavu ndefu. Shangazi alishika kamba, uso ameugeuzia upande mwingine, mpaka nilipomaliza.