Kushuka Baiskeli Kiegeani

Mtoto wa kwanza niliyemwona akigongwa na baiskeli hapa Mafia aligongwa kwa sababu ya adabu yake, na aliyemgonga ni mimi. Lakini nianze na siku niliyoingia kazini.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, boma la serikali likiwa bado kisiwani Chole. Niliandikwa tarishi, yaani mpeleka barua. Barua zilivushwa kwa mtumbwi mpaka Utende, na kutoka hapo nilizipeleka Kilindoni kwa miguu. Mwaka wa pili Bwana Shauri, mkuu wa boma, aliletewa baiskeli.

"Utaipanda wewe," aliniambia. "Ukishajua, wafundishe watoto wa shule. Nataka matarishi wa kesho."

Mimi nilijifunza kwa kuanguka. Watoto niliwafundisha kwa utaratibu zaidi, ufukweni Utende maji yakiwa yamekupwa, maana mchanga uliolowa huwa mgumu kama sakafu. Mtoto nilimfunga kanga kiunoni, nikashika ncha zake kwa nyuma na kukimbia naye. Wadogo hawakufikia kiti, kwa hiyo waliupenyeza mguu mmoja katikati ya vyuma wakaendesha kiubavu, kama kaa. Wenzao wanaosubiri zamu walipiga kelele, "Huyo anakwenda Jibondo! Mpeni na maji awapelekee!" Jibondo ni kisiwa kisicho na maji ya kunywa.

Niliwafundisha kupanda, kukata kona na kupiga kengele. Kushuka sikuwafundisha. Nilidhani mtu hushuka tu.

Kiegeani barabara ilipita milangoni mwa watu. Asubuhi moja Mwanahamisi, binti wa miaka sita hivi, aliniona nikija. Nikapiga kengele. Kwangu ilimaanisha kaa pembeni; kwake ilimaanisha mkubwa anapita. Akatoka mbio, mkono mbele, "Shikamoo!" Nilikata kona, nikachelewa. Mkono ule ule aliokuwa ananipa ukavunjika.

Bibi yake, Bi Zuhura, aliufunga kwa vijiti na kitambaa.

"Nisamehe, bi mkubwa," nilisema. "Afadhali watoto wanisalimie kutoka pale penye minazi."

"Mjukuu wangu akupigie ukelele kama mchuuzi wa samaki? Mimi ndiye niliyemfundisha: mkubwa akipita, mwendee, mpe mkono."

"Lakini baiskeli haisimami upesi, bi."

"Mwenye haraka nani, yeye au wewe? Basi shuka wewe, mwanangu."

Bwana Shauri alitoa amri yake: mtoto atakayekutwa barabarani kengele ikilia, achapwe viboko. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwataja. Sikumtaja hata mmoja. Tangu siku hiyo nilishuka kwenye nyumba ya kwanza ya Kiegeani, nikaikokota baiskeli mpaka ya mwisho, nikipewa mikono na kuitikia marahaba. Kule ufukweni nako, somo la kwanza likawa kushuka.

Barua zikaanza kuchelewa.

"Kiegeani kuna nini?" Bwana Shauri aliuliza.

"Kuna watoto, bwana."

"Kuna tarishi mvivu!"

Baiskeli akampa Hatibu, mwanafunzi wangu aliyekuwa hodari kuliko wote, naye alipenda mbio. Mimi nikarudi kwenye miguu yangu. Siku ya kwanza ya Hatibu nilitangulia Kiegeani nikasimama kando ya barabara. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka. Nikaisikia kengele. Nikamwona anakuja kasi, halafu anapunguza.

Alishuka.

Mdachi aliondoka kwa vita, wakaja wakubwa wengine, nami niliwatumikia mpaka magoti yalipokataa. Sasa baiskeli ni nyingi. Wapandaji wengine hushuka Kiegeani, wengine hupiga kengele na kupita.

Mwanahamisi ni mama sasa, na mkono wake haunyooki sawasawa. Juzi alikuja kwangu na mwanawe.

"Babu, mwezi ukiandama huyu anaanza chuo cha Kurani. Atapita barabarani peke yake. Nimwambie awaendee wakubwa, au akae kwenye minazi?"

Nilimwomba siku mbili nifikiri. Leo ni ya tano.