Siku ya Maji Iliyoitwa Elinami

Nilijifunza mwenyewe kuandika programu, ukubwani, nikatengeneza moja ya kupanga zamu za maji ya mpunga hapa Ndungu. Jina, jaruba, siku: kila kipengele kilidai mistari ileile ya programu, nikaandika makro moja, yaani kiolezo cha kuizalisha yote. Nikaringa, nikabandika ratiba bila kuisoma.

Wakulima wakisubiri maji, mwenyekiti wetu, Mama Nakijwa, akausoma mstari wake kwa sauti, akinigeukia mimi.

"Mzee Elinami, jina langu Elinami, jaruba Elinami, siku yangu Elinami. Hiyo siku ni kabla ya Jumanne au baada?"

Neno langu la majaribio, yaani jina langu mwenyewe, lilibaki ndani ya makro. Nililirekebisha palepale, mahali pamoja tu, na ratiba nzima ikanyooka. Maji yakafunguliwa, watu wakinipigia makofi huku wakinicheka.