Tulivyotafuta Mahindi Mabichi, Kitale hadi Bungoma

Sogea karibu, msomaji, nikueleze kwa nini mtu mzima aliondoka Kitale, kwenye mahindi ya kila namna, akaenda Bungoma kutafuta mahindi. Nakueleza hasa wewe unayetamani kutengeneza filamu na huna kampuni nyuma yako.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kidogo, tulipokuwa tukirekodi kwenye kanda. Kazi nilijifunza kwa kupiga video za harusi mtaani Tuwan, na kamera yangu moja ndiyo iliyonilisha. Agosti nilianza filamu yangu ya kwanza katika shamba moja huko Kwanza, eneo lililo karibu na Kitale. Baba anamfukuza binti yake. Mwishowe binti anarudi, anamkuta baba amesimama kati ya mahindi, anampigia magoti. Tulirekodi ugomvi. Kisha harusi zikafuatana, nikajiambia kupatana kwao kutasubiri. Nilisahau kwamba mahindi hayangesubiri. Niliporudi mwisho wa Oktoba, shamba lilikuwa mabua makavu yaliyosimamishwa mafungu mafungu. Chebet, aliyeigiza binti, alikuwa anaingia chuo cha uuguzi Jumatatu, na nywele zake ndefu zingekatwa. Tulibakiwa na Jumamosi moja tu.

Saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Chebet tuliondoka Kitale kwa pikapu ya kaka yangu, ya kubebea maziwa.

Kimilili tulimchukua Mwalimu Simiyu, mstaafu aliyeigiza baba. Alikuwa ameshavaa koti la filamu. Kando ya barabara mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya maturubai.

"Dairekta, unatuzungusha kama mganga anayetafuta mizizi," alisema akipanda. "Huku yameisha. Twende Bungoma. Huko wanapanda mara ya pili."

Saa nne, nje kidogo ya mji wa Bungoma, tuliona kijani. Mwenye shamba, Mama Nafula, alikuwa akipalilia.

"Ati mnatafuta nini?"

"Mahindi mabichi, mama."

"Ya kuchoma? Bado, bana. Rudini Disemba."

"Ya kupiga picha."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. "Kalibuni. Lakini mtu asikanyage maharagwe yangu."

Nilipochungulia kwenye kamera, nikaona tatizo. Kule Kwanza mahindi yalimmeza Mwalimu mzima. Haya yalimfika kifuani. Nyuma ya kichwa chake yalionekana mabati ya mji na mnara wa simu. Mtazamaji husamehe mengi, lakini akiona baba amehamia mjini bila kuambiwa, haamini tena filamu yako.

"Mwalimu, tafadhali piga magoti, majani yakufiche."

"Nani? Mimi? Si uliandika mtoto ndiye anapiga magoti? Nimzae, nimlee, halafu nimpigie magoti? Wanafunzi wangu wa Kimilili wataniona!"

"Si ni sinema tu, baba," Chebet akamchokoza.

"Sinema ndiyo mbaya zaidi. Inabaki."

Tukakaa chini. Saa sita ikapita. Chebet akawa anachezea ncha za nywele zake. Mama Nafula alikuja na chai, akauliza, "Kwani huyu baba anafanya nini shambani?"

"Amesimama. Anamngoja binti yake."

"Mkulima gani anangoja amesimama? Mpe jembe."

Miezi yote ile nilikuwa nimeandika maneno ya baba, na sikuwahi kujiuliza anafanya kazi gani. Nikampa jembe. Mwalimu akainama, akapalilia, na majani yakamficha. Chebet akaingia. Badala ya kupiga magoti mbele yake, aliinama kwenye mstari wa pili akaanza kung'oa magugu. Walikwenda hivyo sambamba, nami nikaiacha kanda izunguke.

Palipokuwa na gugu lililojishikiza kwenye shina la mhindi, Mwalimu aliweka jembe chini, akashuka kwa magoti yote mawili alitoe kwa mkono. Nilikuwa nimemwandikia hotuba nzima ya msamaha. Yeye, bila kumtazama Chebet, aliuliza tu, "Umekula?"

Jioni tulimshusha Mwalimu Kimilili. "Nilipalilia tu," alituambia dirishani. "Msiseme nilipiga magoti." Jumatatu Chebet alienda chuoni.

Mwaka uliofuata nilionyesha filamu katika ukumbi wa kanisa huko Kwanza. Shamba la Bungoma lilipotokea, mzee mmoja akapaza sauti: "Hayo si mahindi ya hapa, bana! Yamedumaa!" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikatamani kuzima mashine ya kuonyeshea. Kisha Mwalimu akauliza lile swali lake. Nikamsikia mzee yuleyule akisema polepole, "Jibu, msichana. Jibu."

Basi leo, kabla hujaandika mtu wako atasema nini, andika kwanza mikono yake inafanya kazi gani. Na kama unarekodi shambani, maliza kabla ya mavuno.